Waharibifu wa Matumbawe kwenye Tangi la Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Majibu haya ni ya watu wanaofuga matumbawe nyumbani hapa Mombasa na viungani mwake, kuanzia Kizingo na Tudor hadi Nyali, Likoni na Mtwapa. Maswali ni yale yale yanayorudi kila mwaka, hasa kaskazi inapokaribia kuisha na matangi yanaanza kuchemka.

Matumbawe yangu yamenuna. Nitajuaje kama ni wadudu au ni maji?

Angalia ni nani ameathirika. Waharibifu wengi wana mdomo wa kuchagua: anayekula Acropora (tumbawe gumu la matawi) hagusi Montipora (tumbawe gumu la sahani au la kutambaa), na anayekula Zoanthus (tumbawe laini la vikundi) hana habari na hao wawili. Ukiona jamii moja tu inachakaa huku majirani zake wamechanua, shuku mdudu. Lakini ikiwa matumbawe laini, magumu na hata konokono wamenuna siku moja, mdudu hana kesi hapo. Pima maji.

Kwetu mshukiwa wa kwanza ni joto. Bahari ya Mombasa huwa kama nyuzi 25 mwezi wa Agosti kusi ikivuma, na hupanda hadi 29 au 30 mwezi wa Machi na Aprili. Tangi lililo kwenye chumba kisichopitisha upepo hupita hapo bila shida. Pima asubuhi, kisha pima tena saa tisa alasiri; kipimo cha asubuhi peke yake kinadanganya. Mshukiwa wa pili ni chumvi. Feni inayopoza maji ndiyo hiyo hiyo inayoyakausha, na maji yakipungua chumvi hupanda. Lenga sehemu 35 kwa elfu. Wa tatu ni stima. Pampu zikilala usiku mzima, tumbawe laweza kuonyesha dalili siku mbili tatu baadaye, wakati wewe umeshasahau kwamba stima ilipotea.

Usitie dawa yoyote kabla ya kumwona mdudu kwa macho yako. Matangi mengi yanayokufa "kwa wadudu" yameuliwa na tiba ya mdudu ambaye hakuwamo.

Mbona mchana siwaoni?

Kwa sababu wengi wao hutoka usiku, na wanaobaki mchana wamejificha pale mwanga usipofika.

Subiri saa mbili hivi baada ya taa za tangi kuzimwa. Zima pampu, maji yatulie. Mulika kwa tochi uliyoifunga plastiki nyekundu, maana mwanga mweupe huwakimbiza. Anza pale tumbawe linapokutana na kitako chake, nenda upande wa chini wa matumbawe ya sahani, malizia katikati ya matawi. Kisha chukua bomba la sindano la mililita 60, bila sindano yenyewe, livute maji ya tangi, lisogeze karibu na tawi na usukume kwa nguvu. Minyoo bapa wakiwapo, utaona utando mwembamba unaong'oka, unajikunja katikati ya maji na kuhangaika kutafuta pa kujishika. Unase kwa bomba hilo hilo uutie kwenye bakuli jeupe. Juu ya weupe ule utaona madoa ya kahawia tumboni mwake: hiyo ni nyama ya tumbawe lako.

Kioo cha kukuzia kama cha fundi wa saa kinatosha. Piga picha kwa simu kabla ya kufanya jambo lolote, uwe na cha kumwonyesha mtu mwingine.

Acropora yangu ina madoa meupe ya duara kuanzia chini. Ni nini?

Madoa ya duara, yaliyopauka, yanayoanzia kwenye shina na upande wa kivuli, ni alama za kuliwa na mnyoo bapa wa Acropora, Prosthiostomum acroporae. Wanasayansi walimweleza rasmi mwaka 2011, wakati huo akiitwa Amakusaplana acroporae, ingawa wafugaji walikuwa wamehangaika naye miaka mingi kabla ya hapo. Ni vigumu kumwona kwa sababu vijimwani anavyovimeza pamoja na nyama ya tumbawe hubaki tumboni mwake, basi anakaa na rangi ile ile ya tumbawe alilolilalia.

Balaa lake hasa ni mayai. Huyataga kwenye mifupa mitupu ya tumbawe, karibu na mpaka wa nyama iliyo hai, yakiwa vijishada vya rangi ya dhahabu ya kahawia vilivyobandika barabara. Ukiona vijishada hivyo huna haja ya kumtafuta mzazi, yupo.

Huyu hatibiwi akiwa ndani ya tangi kuu. Toa Acropora zote, hata zile zinazoonekana nzima, uzihamishie tangi la pembeni na uziogeshe moja moja. Tumbawe kubwa lililotambaa juu ya jiwe lazima livunjwe vipande. Inauma, lakini tumbawe kubwa lina maficho mengi mno. Kata sehemu ya chini iliyokufa, tupa kitako cha zamani, na ugandishe kipande juu ya kitako kipya kwa supaglu nzito. Hakikisha kwamba supaglu hiyo ni ya sianoakrilati. Ikikauka ndani ya maji haina madhara.

Josho la matumbawe linafanywaje?

Tayarisha mabeseni matatu, yote yakiwa na maji ya tangi lako, si maji mapya. La kwanza ndilo la dawa, mengine mawili ni ya kusuuza. Yaweke ndani ya nyumba. Beseni dogo lililoachwa kwenye baraza saa saba mchana hupata moto haraka kuliko unavyodhani, na hapo utakuwa unachemsha tumbawe badala ya kulitibu.

Tia dawa kwa kipimo cha chupa, koroga, tumbukiza tumbawe. Kwa dakika zote ambazo chupa imeruhusu, kwa kawaida kati ya 5 na 15, usikae ukitazama simu. Pigapiga kila upande kwa maji ya bomba la sindano, geuza, piga tena. Dawa nyingi haziui mdudu papo hapo. Humlevya akalegea, na ni ule mkupuo wa maji unaomng'oa. Usipopiga, atarudi tangini amelewa tu, na kesho atazinduka.

Baada ya hapo suuza beseni la pili, suuza la tatu, kisha lishike tumbawe kwenye mwanga na ulikague chini kwa wembe mkononi. Chochote kinachofanana na yai kikwangue. Halafu angalia beseni la kwanza lina nini chini. Hesabu uliyoiona iandike kwenye daftari, kwa sababu wiki ijayo utataka kujua kama inapungua.

Usiogeshe tumbawe lililofika leo likiwa limechoka na safari kiasi kwamba linatoa ute na nyama inachanika. Lipe siku moja mbili kwenye tangi la karantini kwanza. Lililo imara liogeshe siku hiyo hiyo.

Nitumie dawa gani?

Dawa za josho zilizotengenezwa mahsusi kwa matumbawe ndizo salama zaidi kwa anayeanza, na huuzwa na wanaoleta vifaa vya maji chumvi. Zisipopatikana, iodini ya Lugol hutumika sana: tia matone kidogo kidogo hadi maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyochujuka. Iodini husaidia pia vidonda visioze, ila kwa minyoo bapa ni dhaifu. Potasiamu kloraidi huwafanya minyoo na konokono wasio na gamba waachie tumbawe, na kwa Zoanthus inafanya kazi vizuri.

Wengi huuliza juu ya dawa za duka la mifugo. Levamisoli, dawa ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe, kweli imetumiwa na wafugaji wa matumbawe kuogeshea Acropora. Tatizo ni kwamba dawa nyingi za kunywesha mifugo zinazouzwa hapa ni mchanganyiko, levamisoli pamoja na oksiklozanidi, na huo wa pili haumo kwenye hesabu zetu. Soma kibandiko chote, pamoja na maandishi madogo. Kama kina dawa mbili, kirudishe rafuni.

Kuna pia wanaotumia dawa ya wadudu wa bustani yenye imidaklopridi. Inaua kweli. Lakini ni sumu kali kwa kaa na kamba, masalio yake yakirudi tangini utalia, na maji yake huna pa kuyamwaga kwa dhamiri safi. Mimi siipendekezi kwa nyumba yenye watoto wanaotumbukiza mikono kila mahali.

Kwa nini josho moja halitoshi?

Kwa sababu hakuna josho la kawaida linaloua mayai. Unaua wazazi leo, watoto wanaanguliwa baada ya siku kadhaa, na wasipouawa kabla hawajakua nao watataga. Hiyo ndiyo hesabu yote. Josho la kila baada ya siku 5 hadi 7, kwa wiki 6 angalau, ndilo hukata mzunguko. Kwenye maji yetu ya moto mayai huanguliwa upesi kuliko kwenye tangi lililopozwa, kwa hiyo ratiba ya kila wiki mbili unayoweza kuisoma mahali fulani usiifuate hapa.

Wanaoshindwa kwa kawaida hushindwa wiki ya tatu. Beseni limetoka safi mara mbili, tumbawe limeanza kurudisha rangi, na harusi iko Jumamosi. Endelea.

Montipora yangu inaliwa kingo. Mbona sioni minyoo bapa?

Huyo ni konokono asiye na gamba anayekula Montipora. Ni mweupe, ana manyoya laini mgongoni, na urefu wake ni milimita chache tu. Geuza sahani chini juu: anakaa kule, na mayai yake meupe yako pembeni mwa nyama inayoliwa. Tiba ni ile ile ya josho na kukwangua mayai kila wiki. Montipora ya kutambaa iliyoshikamana na jiwe zima ni mtihani. Mara nyingine ni afadhali kuokoa vipande viwili vya ukingoni na kulitoa jiwe lote likauke juani.

Kuna vinukta vya manjano vinavyokimbia juu ya Acropora. Ni uchafu?

Kama vinatembea, si uchafu. Ni Tegastes acroporanus, kijidudu cha jamii ya kamba kisichozidi nusu milimita, manjano na doa jekundu. Hakiui tumbawe haraka. Hulifanya lisichanue na rangi ififie. Dawa yake ni milbemisini, ambayo ni dawa ya minyoo ya mbwa. Hutolewa na daktari wa mifugo, na inaua kaa na kamba wote pamoja nacho. Watoe kwanza uwahifadhi kwingine. Kipimo usikikisie: mpe daktari ujazo halisi wa maji, ukishatoa nafasi ya mawe na mchanga.

Aiptasia zimejaa. Nikizikwangua si zitaisha?

Zitaongezeka. Aiptasia ni anemoni mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye shina refu na minyiri myembamba, na kila kipande cha mguu wake kinachobaki juu ya jiwe kinaweza kuota kuwa anemoni mzima. Kumkwangua au kumng'oa ni sawa na kumpanda. Huchoma matumbawe ya jirani na kuyasukuma nyuma, na akilishwa vizuri, yaani wewe ukimwaga chakula kingi cha samaki, hujaza jiwe upesi.

Wakiwa wachache, tumia chokaa. Si chokaa ya kupaka ukuta wala ile ya mjenzi, ambayo ina takataka nyingi. Nataka kalsiamu haidroksaidi safi, ya maabara au ya chakula. Vaa miwani, kwa sababu chokaa hiyo ikikurukia jichoni ni hospitali. Changanya na maji kidogo iwe uji mzito unaopita kwenye bomba dogo la sindano. Zima pampu zote. Sogeza ncha polepole mpaka iwe juu ya mdomo wa anemoni. Ukimgusa ghafla atajikunja na kuzama kwenye tundu lake, na hapo umemkosa. Akiwa bado amefunguka, mwage uji juu yake hadi afunikwe, naye atajikunja akiumeza. Acha dakika 15 hivi, kisha nyonya mabaki na uwashe pampu.

Usifanye zaidi ya wachache kwa siku. Chokaa hupandisha pH, na tangi dogo halivumilii. Maji ya limau yakichomwa ndani ya shina kwa sindano pia huwaua, lakini utahitaji kumpata kila mmoja katikati, na anayekosewa hurudi.

Wakishapita idadi ya kushughulikia kwa mkono, unahitaji mnyama wa kuwala. Konokono asiye na gamba aitwaye Berghia stephanieae hali kitu kingine chochote, na hiyo ndiyo sifa yake na udhaifu wake: Aiptasia zikiisha, naye hufa kwa njaa. Anatoka upande wa Atlantiki na kwetu hapatikani kirahisi.

Nimeuziwa kamba wa kula Aiptasia, sasa anakula polipi za matumbawe. Nimetapeliwa?

Huenda muuzaji mwenyewe hakujua. Kamba wanaosifika kwa kula Aiptasia ni Lysmata wurdemanni na ndugu zake, wa Atlantiki ya magharibi. Anayeuzwa badala yake mara nyingi ni Rhynchocinetes durbanensis, ambaye yupo kwenye bahari yetu ya Hindi. Mtazame vizuri: huyu ana nundu mgongoni, macho makubwa, na mistari myeupe iliyokolea katikati ya mwekundu. Lysmata hana nundu na rangi yake ni hafifu, karibu kuona ndani. Mwenye nundu hula Zoanthus na matumbawe laini, mtoe. Kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, yule mwenye mstari mweupe mgongoni, ni mwema kwa samaki lakini usimtegemee kwa kazi hii.

Samaki gani atanisaidia?

Atasaidia, hatamaliza. Pseudocheilinus hexataenia, samaki mdogo mwenye mistari sita ubavuni, yupo kwenye miamba ya Afrika Mashariki na huchokora minyoo kutwa nzima. Akishakuwa mwenye nyumba huwa mkorofi kwa wageni, kwa hiyo mtie mwishoni. Halichoeres iridis ni mpole zaidi, naye ni wa pande zetu. Anahitaji mchanga wa kujifukia usiku na kifuniko cha wavu, maana huruka. Wote wawili hula minyoo wanaowaona. Mayai na wanaojificha kwenye nyufa watabaki, kwa hiyo samaki hafuti ratiba ya josho.

Kwa Aiptasia, wengi huota Chelmon rostratus, kitatange wa mdomo mrefu na mistari ya rangi ya chungwa. Huyo si wa pwani yetu, ni wa mashariki zaidi, na hukataa chakula kwa urahisi. Kitatange wetu Chaetodon lunula hula Aiptasia kwa hamu, kisha hugeukia matumbawe yenyewe. Ni sawa kwenye tangi la samaki watupu.

Zoanthus zimefunga wiki nzima. Nifanyeje, na ni kweli zina sumu?

Kweli, na hilo ndilo la kuanza nalo. Zoanthus na hasa Palythoa zinaweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana kwa viumbe wa baharini. Ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka Palythoa za Hawaii. Vaa glavu na miwani. Usizikate ukiwa na kidonda mkononi. Usizisugue nje ya maji, na usithubutu kuchemsha jiwe lenye Palythoa wala kulimwagia maji ya moto ili kuliua. Mvuke wake umewalaza hospitali watu na familia zao. Baada ya kuzishika, ukihisi ladha ya chuma mdomoni, homa, maumivu ya misuli au kifua kubana, nenda hospitali na uwaambie ulikuwa ukishika nini.

Sasa kuhusu kufunga. Wako waharibifu watatu wa kawaida. Konokono asiye na gamba anayezila hujificha kati ya shina na shina, akiwa na rangi ile ile. Heliacus ni konokono mwenye gamba la duara lililopangika madoadoa meusi na meupe, rahisi kumtoa kwa kibano. Buibui wa baharini ana miguu mirefu kuliko mwili, na huonekana usiku tu. Zoanthus ni sugu kuliko Acropora, basi huvumilia josho kali kidogo, hata kuzamishwa kwa muda mfupi kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Maji hayo yawe yaliyochujwa. Ya kisima yana chumvichumvi na mengine usiyoyajua, na ya bomba yana klorini.

Na hivi vijibomba vigumu vinavyotoa nyuzi za ute?

Ni konokono wa jamii ya Vermetidae. Nyuzi zake hunasa chakula na kuwasha matumbawe ya karibu. Vunja bomba kwa koleo, ziba tundu kwa supaglu, punguza chakula cha unga. Utaishi naye, ila asizidi.

Minyoo wenye manyoya ubavuni, na vile viti vya pweza vidogo kwenye kioo?

Waache. Wengi wao ni wafagiaji wanaokula mabaki, na ukiwakuta juu ya tumbawe lililokufa, usidhani ndio walioliua. Minyoo hao usiwashike kwa mkono mtupu, miiba yao huingia ngozini na kuwasha siku kadhaa.

Kaa ni jambo jingine. Mwenye manyoya mwilini na ncha nyeusi kwenye magando mtoe. Mtego wa glasi iliyoegeshwa kwenye jiwe na kipande cha nyama ya kamba ndani yake hufanya kazi usiku.

Bahari iko hapa karibu. Si niokote tu mawe Nyali au Bamburi?

Mawe yaliyo hai ndiyo mlango mkubwa wa kila kiumbe aliyetajwa hapo juu, pamoja na Drupella, konokono anayekula nyama ya Acropora na kuacha mifupa myeupe, na kamba wa magando ya kupiga ambaye utamsikia akigonga usiku kabla ya kumwona.

Kisha kuna sheria. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, na ndani yake hutoi kitu, hata jiwe. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji vibali. Kabla ya kuchukua chochote baharini, hata nje ya hifadhi, uliza ofisi za Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) na za uvuvi. Na miamba yetu bado inabeba makovu ya joto la mwaka 1998 lililopausha matumbawe pwani nzima. Haina haja ya sisi kuiongezea.

Kwa msingi wa tangi, mawe makavu ya machimbo yanatosha: tumbawe la kale, jamaa ya yale yaliyojengea nyumba za Mji wa Kale. Chagua yenye matundu, yasiyo na udongo mwekundu, yasugue na uyaloweke kwenye maji ya chumvi yenye pampu kwa wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, ili fosfeti itoke. Jiwe lililokauka maelfu ya miaka halina Aiptasia.

Sina nafasi ya tangi la karantini. Naishi chumba na sebule.

Ndoo ya lita 20 inatosha kwa vipande vichache. Tia pampu ndogo, taa ya klipu inayofaa matumbawe, na kifuniko cha wavu kupunguza mvuke. Hita huihitaji Mombasa isipokuwa umelala na kiyoyozi. Badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki kwa kutumia maji ya tangi kuu. Usitie mawe wala mchanga, ili kila kinachoanguka uone. Wiki 6 kwa kila tumbawe jipya, hata alilokupa rafiki yako mwaminifu. Minyoo haiulizi urafiki. Ndoo, bomba na kibano vya karantini visiingie tangi kuu. Vikimaliza kazi, vioshe kwa jiki, visuuze sana na uvianike juani.

Je, maji ya bahari ninayochota yanaweza kuleta wadudu?

Hatari hiyo ni ndogo. Mayai yamebandikwa kwenye matumbawe, hayaelei. Kinachokuja na maji ni uchafu na upungufu wa chumvi, hasa masika mito na mitaro inapomwaga. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya Tudor na Mtwapa, bamvua ikiwa imetulia. Pima chumvi kabla ya kuyapandisha ngazi, chuja kwa kitambaa kizito, na uyaache gizani yakiwa na pampu siku kadhaa.

Tangi limejaa minyoo bapa wekundu kwenye kioo na mchanga. Nitie dawa?

Hao ni jamii ya Convolutriloba, wekundu wa kahawia na vijimkia vitatu nyuma. Hawali tumbawe, hulifunika tu mwanga. Lakini wakifa wengi kwa mpigo hutoa sumu inayoweza kuua samaki wote. Kabla ya dawa, wanyonye kwa mpira mwembamba siku baada ya siku mpaka wabaki wachache. Siku ya dawa uwe na maji mapya tayari kwa kubadilisha sehemu kubwa, na kaboni ya akwariamu ndani ya chujio. Makaa ya jiko hayafanyi kazi hiyo.

Maji ya josho na matumbawe yaliyokufa niyatupe wapi?

Si baharini, wala mtaro unaoelekea baharini. Dawa ni sumu kwa kaa na kamba, na mnyama aliyeletwa kutoka bahari nyingine akipata pa kujishika hatolewi tena. Pterois wetu mwenye mapezi marefu ya miiba, ambaye hapa hamsumbui mtu, alionekana Florida mwaka 1985, na leo ametapakaa Karibi yote akila samaki wachanga.

Maji ya iodini yaache kwenye ndoo wazi juani siku kadhaa, kisha mimina chooni. Yenye dawa ya mifugo au ya bustani yafuate maelezo ya kibandiko. Mawe na mifupa ya matumbawe anika juani hadi yakauke kabisa na harufu iishe, isipokuwa yenye Palythoa: hayo yafunge kwenye mifuko miwili yakiwa bado na unyevu, kwa glavu, na uyapeleke na takataka. Kama huwezi kuendelea kuwatunza samaki na matumbawe yaliyo hai, wape wafugaji wengine, nao wawaweke karantini upya.